Kidude cha kupunguza mafuta kwenye IST: nimepigwa au nisubiri?

SWALI: Shikamoo kaka fundi. Nina IST ya cc 1500, napiga nayo tripu za Buzuruga na Usagara. Kuna jamaa pale mjini kaniuzia kidude cha kuchomeka chini ya usukani, sh 60,000, boksi limeandikwa kinaongeza nguvu farasi 30 na mafuta yanapungua asilimia 35. Kaniambia nitembee km 150 kwanza kijifunze gari. Nimeshapita huko, naona kama gari imekuwa nyepesi ila hela ya mafuta ni ileile, na taa ya cheki injini bado inawaka. Sasa anataka aniuzie na sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta. Nimepigwa?
Dereva, Buzuruga

JIBU: Marahaba ngosha. Umepigwa.

Hiyo IST kiwandani inaandikiwa farasi 109 hivi, sasa kidude cha elfu sitini kiongeze 30 bila kugusa nozo za kupulizia mafuta wala kuingiza hewa zaidi, zinatoka wapi? Injini isiyo na tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, inavuta hewa kwa mapafu yake tu, na hewa ya kwetu yenyewe nyepesi, ziwa letu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata hizo 109 huku Mwanza zinapungua kama sehemu moja ya kumi kabla hujaanza kupanda mlima wa Bugando. Muulize huyo jamaa hizo 30 walipima kwenye gari gani, na mashine gani. Ataanza kukuonyesha boksi.

Ile soketi ya chini ya usukani ulikochomeka kidude ina matundu 16 na moja lina moto wa betri muda wote, ndio maana vitaa vinamemeteka ukadhani kazi inafanyika. Vingi vya namna hiyo vikifunguliwa unakuta vitaa na kichipu cha kuviwasha, basi, hakuna kinachoongea na kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Na hizo km 150 ni ujanja, wewe unaanza kukanyaga taratibu ukisubiri muujiza na yeye anapata muda wa kuhama kona.

Sumaku usiguse, petroli sio misumari. Marekani shirika lao la mazingira, EPA, limeshapima vidude vya kuokoa mafuta zaidi ya 100, vilivyoonyesha nafuu ni vichache mno na nafuu yenyewe kiduchu.

Ila nisiwaonee wote. Hilux ya dizeli yenye tabo, fundi anayejua akibadilisha programu ya kontrol boksi nguvu inapanda kweli maana presha ya tabo anaweza kuiongeza, ingawa klachi ndio italipa hiyo bili.

Kama bado unabisha pima mwenyewe, jaza tanki mpaka pampu ikate, nenda Musoma urudi, jaza tena kwenye pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita, halafu rudia bila kidude, upepo wa tairi uwe sawa, mzigo sawa, na usiwashe AC siku moja ukazima nyingine. Tripu moja haitoshi, fanya hata tatu tatu, maana ukikutana na foleni ya malori siku moja tu hesabu yote inaharibika. Huo wepesi unaousikia nao ni wa kichwani, umeshalipa elfu sitini lazima gari iwe nyepesi.

Mimi kilichonishtua ni hiyo taa, umeitaja juu juu tu. Inaweza kuwa sensa ya oksijeni imekufa, na ikifa kontrol boksi inaweza kumwaga mafuta mengi kuliko yanayotakiwa, hela yako inatokea kwenye ekzosi. Chomoa hicho kidude, kwenye soketi hiyohiyo fundi achomeke mashine ya kupimia asome kodi, ile namba ya kosa, halafu mfungue plagi. Zikiwa nyeusi zina masizi makavu, niandikie tena na hiyo kodi aliyoisoma.