Kabla ya kumwaga mchanga ufukweni, pima bahari mwaka mzima

Msomaji mmoja ameuliza: hoteli anayofanyia kazi inataka kujaza mchanga ufukweni, na mshauri ameahidi kupima makazi ya viumbe wa bahari kwa siku tatu. Je, zinatosha? Hazitoshi. Siku tatu zinatosha kupiga picha za kupamba ripoti.

Mchanga haukai pale ulipomwagwa. Mawimbi huuteremsha mpaka mteremko utulie, kisha mkondo wa pwani huusogeza, wakati wa kusi kuelekea kaskazini na wakati wa kaskazi kuelekea kusini. Kwa hiyo eneo la kupima si kile kisanduku kilichochorwa kwenye ramani ya mkandarasi. Ni maji yote ya ndani ya mwamba, mbele ya ufukwe na pande zake mbili.

Hapo ndipo kipimo cha msimu mmoja kinapodanganya. Mchanga wa asili nao huhama, unafunika mawe msimu huu na kuyafunua msimu ujao. Ukipima Machi bahari ikiwa shwari, ukarudi Julai baada ya kazi na kukuta nyasi bahari zimefukiwa, utamlaumu nani, kusi au mkandarasi? Pima angalau mara nne ndani ya miezi 12. Miaka miwili ni bora zaidi.

Maeneo ya kulinganisha yawe mawili au zaidi, yenye kina, mchanga na mawimbi yanayofanana na ya mradi, lakini mbali na mahali mchanga utakapofika. Moja ni kamari. Likivamiwa na Tripneustes gratilla, yule kiumbe wa bahari wa mviringo mwenye miiba mifupi anayekula nyasi bahari, umebaki mikono mitupu. Usichague penye mashamba ya mwani kama yale ya Paje na Jambiani, Zanzibar, kwa sababu kamba, vigingi na miguu ya wakulima hubadilisha nyasi zilizo chini.

Kazi ya miguu ifanyike bamvua, maji yanapokupwa sana. Pwani yetu hayo huangukia karibu saa nne hadi saa tano asubuhi. Anza maji yakiwa bado yanatoka. Katika kila eneo nyosha mistari mitatu ya mita 50, mmoja ukiachana na mwingine mita 25, na kila mita 5 weka fremu ya sentimita 50 kwa 50. Hizo ni fremu 11 kwa mstari, 33 kwa eneo. Tengeneza fremu kwa bomba la plastiki na ulitoboe matundu, la sivyo litaelea kwenye madimbwi. Futikamba iwe ya faibaglasi, maana ya chuma italiwa na kutu. Vigingi vya nondo vipigilie mpaka visawazike na mchanga, kwani vikionekana vitaishia kwa wauza vyuma chakavu. GPS ya mkononi hukosea mita kadhaa, kwa hiyo andika pia alama za nchi kavu: mnazi, kona ya ukuta, mnara.

Ndani ya fremu andika spishi moja moja, si "nyasi asilimia 60" basi. Halophila ovalis ina majani ya sentimita chache, hufukiwa na tabaka jembamba. Enhalus acoroides majani yake yanaweza kuzidi mita moja. Jumla moja ya asilimia huficha tofauti hiyo. Wapimaji wote wakadirie kwanza fremu 10 zilezile na walinganishe majibu, maana jicho la mtu mmoja hutofautiana na la mwenzake kuliko watu wanavyokubali.

Kinachosahaulika karibu kila mara ni unene wa mchanga. Chukua fimbo nyembamba ya chuma yenye alama za sentimita, ichomeke mpaka igonge mwamba, mara tano kwa kila fremu. Haina gharama, lakini ndiyo itakayoonyesha mchanga wa asili hupanda na kushuka kiasi gani kwa mwaka. Bila namba hiyo, sentimita 8 zilizoongezeka hazina maana yoyote.

Ukungu wa maji, unaopimwa kwa kipimo cha NTU, upimwe siku ya shwari na siku ya mawimbi. Florida huruhusu NTU 29 juu ya hali ya kawaida, na hakuna "juu ya" bila kuijua hiyo kawaida. Huko pia mchanga wa kujazia hautakiwi kuwa na zaidi ya asilimia 5 ya chembe zinazopita chekeche ya mikroni 63. Chekecha wa ufukweni na wa kujazia, uviweke vipimo hivyo bega kwa bega.

Waulize wachokoa pweza mashimo yao yako wapi na uyaweke kwenye ramani. Wao hutembea mwambani kila bamvua, mshauri ana siku zake tatu.

Ratiba yote iingie kwenye tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijapelekwa kwa mamlaka ya mazingira ya Tanzania Bara, Zanzibar au Kenya. Baada ya kibali, hakuna atakayeilipia. Kipimo cha mwisho kifanyike wiki chache kabla ya mchanga wa kwanza kumwagwa, na mkandarasi akiahirisha nusu mwaka, kirudiwe.