Zekaria Yupi? Kwa Wahubiri Wapya

Wadogo zangu, Jumapili hii tena mmoja wetu amepanda mimbarani akampa nabii Zekaria kifo cha mtu mwingine. Nawapenda mno hata siwezi kunyamaza. Jina hili lina watu wapatao 30 katika Maandiko.

1. Kabla ya muhtasari wa mahubiri, andika: mwana wa nani, siku za mfalme yupi.

2. Mathayo 23:35 inamtaja "Zakaria bin Barakia", aliyeuawa kati ya patakatifu na madhabahu. Berekia ni baba wa nabii, basi tunakimbilia kitabu cha nabii. Nami nilikimbilia huko, kwenye semina ya vijana, nikahubiri kwa machozi jinsi nabii alivyopigwa mawe. Mzee mmoja wa kanisa alinisubiri nje. "Mwalimu," akasema taratibu, "nabii huyo alianza kazi mwaka wa pili wa Dario, mfalme wa Uajemi, 520 KK, akawatia moyo waliolijenga hekalu upya. Mfalme Yoashi wa Yuda, aliyeamuru mawe yale, alikuwa amekufa zaidi ya miaka 250 kabla yake." Akanifungulia 2 Nyakati 24.

Sikulala vizuri usiku ule, kwa sababu ya kile nilichowanyima vijana wale. Aliyepigwa mawe uani mwa nyumba ya Bwana alikuwa Zekaria mwana wa kuhani Yehoyada. Yehoyada na mkewe ndio waliomficha Yoashi miaka 6, akiwa mtoto mchanga, Athalia, bibi yake, alipoangamiza uzao wa kifalme. Wakamlea, wakamtawaza akiwa na miaka 7. Mfalme huyo ndiye aliyemwua mtoto wa waliomwokoa, kwa kuwa alimwambia ukweli. Hayo yote nilikuwa nimeyaruka! Wafafanuzi wengi humwona huyu ndiye anayetajwa na Yesu. Luka 11:51, penye maneno hayohayo ya Yesu, haitaji baba.

3. Kwenye itifaki (faharasa ya maneno) ya Union Version, tafsiri ya Biblia ya Kiswahili, tafuta Zekaria na Zakaria pia.

4. Mfalme Zekaria wa Israeli alitawala miezi 6, akauawa na Shalumu. Msimchanganye na yeyote.

5. Zakaria, baba wa Yohana Mbatizaji, hakuwa kuhani mkuu! Kila mwaka namsikia akipandishwa cheo. Luka anamweka katika zamu ya Abiya, mojawapo ya zamu 24 za makuhani, na kura ndiyo iliyomwingiza kufukiza uvumba. Mwacheni abaki kuhani wa zamu, mzee asiye na mtoto, aliyeangukiwa na kura siku hiyo.