Unakuja Montreal na Kiingereza chako? Kaa chini kwanza

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja, muuguzi wa Kisumu. Ameandika hivi: "Kaka, nimesikia Montreal hata Kiingereza wanaongea. Kiingereza changu kiko sawa kabisa. Kifaransa nitakiokota hukohuko polepole. Unanishauri vipi?"

Dada yangu, nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Maneno hayo niliyasema mimi, mwaka 2021, nikiwa sebuleni Mombasa nafunga masanduku. Nitakiokota. Kama embe lililodondoka.

Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Mimi ni mtoto wa enzi za diski. Waliosoma shule kama yangu wanajua: ukinaswa unaongea Kiswahili siku isiyo yake, unavishwa kibao shingoni na kamba yake, unazunguka nacho mpaka umnase mwenzio umtwike. Nilikivaa mara mbili tu. Baada ya hapo Kiingereza kikawa hirizi yangu: kwenye mahojiano ya kazi, benki, ubalozini, naitoa tu na milango inafunguka. Sikujua kwamba kuna mji utaitoa hirizi hiyo na mtu akakutazama tu, kwa upole.

Nisikudanganye lakini. Kiingereza Montreal kinatembea. Ukiishi magharibi ya barabara ya Saint-Laurent, hasa kule Notre-Dame-de-Grâce, utanunua mkate, utanyoa nywele na utagombana na jirani bila neno la Kifaransa. Kuna vyuo vikuu viwili vinavyofundisha kwa Kiingereza, McGill na Concordia. Katikati ya mji muuzaji anakupokea kwa "Bonjour-Hi", yaani chagua mwenyewe. Salamu hiyo iliwakera wabunge wa Quebec, mkoa wetu huu wa Kanada, kiasi kwamba Novemba 2017 walipitisha azimio, bila hata mmoja kupinga, la kuwaomba wauzaji waseme Bonjour peke yake. Wauzaji wanaendelea na yao.

Mimi nilikuwa mtu wa Hi, na nilikaa hapo miaka miwili.

Tatizo la kukaa upande wa Hi ni kwamba maisha yenyewe yako upande wa pili. Kazi za ofisini nilizoomba zilitaka lugha zote mbili, nikaishia ghalani, mashariki ya mji, zamu ya usiku. Usiku wa nne msimamizi akanionyesha katoni za glasi na katoni za sabuni ya maji, akasema za glasi ziende dessus, yaani juu. Au alisema dessous, yaani chini? Kiswahili kina u moja na imetutosha karne zote hizi. Wenzetu wana mbili, na masikio yangu yalisikia "desu" tu. Nikajitosa. Nikapanga glasi chini, sabuni juu, safu nne, nikajipongeza kwa unadhifu.

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, kama mtu anayetafuna barafu. Ya pili haikuwa ndogo.

Yule bwana hakunifokea. Alinigeukia, akaanza kuniongelesha Kiingereza, neno moja moja, kama anavyosemeshwa mtoto aliyepotea sokoni. Ningeona afadhali kufokewa. Mpaka leo nikipita njia ile kwa basi najikuta nimetazama dirisha la upande wa pili. (Ukitaka kuijua ile u yao: midomo iweke kana kwamba unasema u, ulimi uuache kwenye i. Fanya mbele ya kioo, na uwe peke yako.)

Aliyenitoa shimoni alikuwa mama mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Nilikuwa kwenye duka la vyakula vya Kiafrika natafuta kisamvu, namwelezea muuzaji kwa Kiingereza na mikono, hanielewi. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kwa Kiswahili, "Weye, unatafuta sombe?" Nilitaka kumkumbatia. Nikamjibu kwa Kiswahili changu cha Mombasa, akacheka mpaka akashika rafu. "Kiswahili yako iko ya ku radio!"

Akaniambia nimwite yaya. Nikasita, maana kwetu yaya ni wa kulea mtoto. Kwao ni dada mkubwa au kaka mkubwa. Basi nikawa na yaya, na yaya akawa mwalimu wangu wa kwanza wa Kifaransa. Hebu fikiria: lugha niliyovishwa kibao kwa ajili yake ndiyo iliyonifunulia mji huu. Montreal imejaa Wakongo na Warundi wanaojua Kiswahili na Kifaransa pia. Kila neno la Kifaransa nililokwama nalo lilikuwa na mtu wa kunieleza kwa Kiswahili, na hakuna aliyewahi kunifanya mjinga. Hawa watu watafute, dada. Watafute kabla hujawatafuta Wakenya wenzako, maana sisi tukikutana tunalalamika tu kuhusu baridi.

Ila na yaya naye alinipa lake. Alinifundisha namba kama walivyorithi kwa Wabelgiji: sabini ni septante, tisini ni nonante. Nikaenda kununua viatu vya theluji vya binti yangu, nikauliza kwa kujiamini, nonante-cinq? Kijana wa kaunta akaniuliza kama natokea Ubelgiji. Mimi! Hapa, kama Ufaransa, tisini ni quatre-vingt-dix, nne-ishirini-kumi, hesabu ya mnadani. Na usidhani Kifaransa cha vitabu vya Paris kitakuokoa. Huko déjeuner ni chakula cha mchana, hapa ni chai ya asubuhi; dîner hapa ni mchana. Nilialikwa dîner na familia moja, nikafika saa moja jioni na chupa ya sharubati mkononi, wenyewe wameshaosha vyombo saa sita zilizopita.

Mambo ya nyumba nayapita haraka: utaona tangazo la quatre et demi, nne na nusu. Hiyo nusu ni bafu. Usimuulize mwenye nyumba nusu chumba ndicho kipi, mimi nilishakuulizia.

Kilichonikera kuliko glasi ni shule. Watoto wa wahamiaji, karibu wote, sheria inawapeleka shule za Kifaransa, tangu ile sheria ya mwaka 1977 wanayoiita 101. Binti yangu alianza na miaka 5. Kufikia Krismasi anaota kwa Kifaransa. Mimi baba mtu, kwenye kikao cha wazazi, nimekaa kwenye kiti kidogo magoti yamegusa kidevu, namsubiri mtoto anitafsirie mwalimu anasema nini juu yake. Kuna neno mwalimu alilirudia kila kikao, bavarde. Nikamuuliza binti, ndiyo nini? Akanijibu bila kupepesa: "Anasema mimi ni mchangamfu." Nikampa mwalimu mkono, nikasema merci. Mwalimu akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Usiku ule sikulala. Mtoto akishakuwa mdomo wa baba yake, heshima inahama chumba. Hilo sikuambiwa na mtu, niliona. Anajibu simu ya daktari wa meno, anasoma barua, anaamua ipi nionyeshwe. Na barua nazo zilibadilika: kwa sheria ya 2022, ile ya 96, tangu Juni 2023 mhamiaji aliyepitisha miezi 6 tangu afike, ofisi nyingi za serikali ya mkoa humwandikia kwa Kifaransa. Mambo ya afya na usalama yamewekwa kando, lakini mengine utayasoma mwenyewe au utasomewa.

Nikajiandikisha darasani. Masomo ni ya bure, kupitia Francisation Québec, huduma ya serikali ya mkoa ya kufundisha Kifaransa. Yako ya mchana kutwa, ya jioni, na ya mtandaoni. Miezi mingapi nilisoma na mazoezi gani nilifanya haitakusaidia kujua, ilikuwa kuchosha tu. Nitakachosema ni kwamba mwezi uliopita nimepata matokeo ya mtihani wa kuzungumza: ngazi ya 7 kati ya 12. Nimebandika karatasi kwenye friji. Ndiyo, naringa. Niacheni niringe.

Sasa wewe, muuguzi. Kwako hili si la heshima peke yake, ni la leseni. Quebec haitoi leseni ya kudumu ya uuguzi kwa asiyejua Kifaransa cha kumhudumia mgonjwa. Kama hukusoma kwa Kifaransa, mtihani wa Office québécois de la langue française, ofisi ya serikali inayosimamia Kifaransa, unakungoja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Ipo leseni ya muda kwa ambaye hajafaulu, lakini jina lake limeshakwambia. Usije kuokota. Anza leo, huko Kisumu, kwa muda wa saa moja kila siku. Ukifika, jiandikishe darasani wiki ya kwanza hata kabla ya kununua koti, kwa sababu mwaka 2024 madarasa mengi yalifungwa kwa ukosefu wa fedha na foleni si ndogo.

Na jambo moja ambalo ningemlipa mtu anifundishe mapema: watu wa mji huu ni waungwana, wakisikia lafudhi yako wanahamia Kiingereza papo hapo. Uungwana huo ndio ulionimaliza miaka miwili. Ukae na sentensi hii mdomoni, Je préfère continuer en français, na uiseme hata kama wameanza kutabasamu, hata kama foleni nyuma yako inahema. Rudia. Wakihama tena, rudia tena. Aibu utaimeza wewe, hakuna wa kukumezea.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na kikao cha wazazi. Binti sasa ana miaka 9. Nilimwacha nyumbani kwa makusudi, nikaenda peke yangu, nikakaa kwenye kile kiti. Mwalimu akaanza kwa Kiingereza. Nikatoa sentensi yangu. Akanyamaza kidogo, akatabasamu, akarudi kwenye Kifaransa, na kabla ya dakika tatu neno likatoka: bavarde. Safari hii nikaomba anifafanulie. Akanifafanulia kwa mikono miwili, vidole vikipigapiga kama mdomo wa bata.

Nimerudi nyumbani nimemkuta mezani anafanya hesabu. Nikamuuliza kwa Kifaransa, taratibu, mchangamfu ni nani humu ndani. Akamtazama mama yake.