Likizo ya Desemba Kabla ya Shule

SWALI: Nakuamkia, Shangazi. Mwanangu wa kwanza ametimiza miaka mitano, na Januari anaanza darasa la awali. Mimi ni karani katika kampuni binafsi, hutoka nyumbani alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo amelelewa zaidi na dada wa kazi. Nimepata likizo yangu ya mwaka mwezi Desemba. Jirani ananishauri nimtafutie mtoto tuisheni ili aingie shuleni akijua kusoma, ilhali mume wangu anataka tumpeleke kwa bibi yake Lushoto. Nifanyeje ili siku hizi zisipotee bure?
Mama wa Kifungua Mimba, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Suala la tuisheni liache, kwa kuwa kusoma, kuandika na kuhesabu ndiyo kazi ya shule, na darasa la awali limewekwa ili mtoto aandaliwe taratibu. Siku 28 unazopewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ni chache mno kugawana na mwalimu.

Wala usihangaike kupanga matembezi ya kila siku, maana mtoto aliyezoea kukuona ukiondoka kabla jua halijachomoza hufurahia zaidi kushirikishwa katika kazi zako za kawaida. Unapopepeta mchele, mpe naye ungo mdogo wenye konzi moja, apembue chuya na vijiwe kimoja kimoja. Kidole gumba na cha shahada vinavyobana kijiwe hicho ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtaendelea kuzungumza huku mikono ikifanya kazi, naye atakuuliza maswali ambayo kwa muda mrefu amekuwa akimuuliza dada. Alasiri, chimba kishimo uani umfundishe mdako, ikiwa bado unaukumbuka: anarusha kete juu, anazoa kokoto kabla ya kuidaka, kisha anazirudisha na kubakiza moja, hivyo atahesabu bila kujua kwamba anafundishwa. Usiku zimeni televisheni mtegeane vitendawili.

Yapo pia mambo madogo yanayowaliza watoto wengi katika wiki za kwanza za shule, kama vile kufungua vifungo vya kaptula au sketi, kujisafisha chooni, kufungua chupa ya maji na kutaja majina yake kamili. Mwache ajaribu mwenyewe hata akichukua robo saa, kwa maana sasa unayo nafasi ya kumsubiri, na asubuhi za Januari hutakuwa nayo.

Kuhusu Lushoto, mumeo ana hoja, ila nendeni pamoja naye badala ya kumpeleka na kumwacha, mrudi angalau wiki moja kabla ya shule kufunguliwa ili azoee tena saa za kulala na njia ya kwenda shuleni. Dada naye mpeni ruhusa ya kwenda kwao akiwa na mshahara wake, lakini msimwachishe kazi mwezi huohuo, kwani kuachana na mlezi na kuanza shule kwa pamoja ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa miaka mitano.

Waombe pia watu wote wa nyumbani, jirani akiwemo, waache kumtisha kwamba akifika shuleni mwalimu atamkomesha.