Shangazi, nimechoka tayari, halafu nikimbie tena?

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Ngamiani hapa Tanga, nina watoto watatu, asubuhi nauza vitumbua, mchana nashona, na mama mkwe tunaishi naye. Sa hivi shoga zangu wa kikoba wameanzisha jogging, kila alfajiri wanatoka mpaka Raskazone, wananisumbua na mimi niende eti inatoa stresi. Mimi usiku kiuno kinawaka na usingizi wenyewe hauji nawaza ada na kodi, sasa mtu aliyechoka hivi ukimwongezea mbio si unammaliza? Au ni fasheni tu ya kupiga picha?

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha wanapiga, tusidanganyane, na wengine ni raba mpya ndo zimewatoa nyumbani. Ila hoja wanayo.

Uchovu wako mwingi sio wa miguu. Toka unaamka kuna mtu anakuita, mama soksi, mama hela ya daladala, bibi na dawa zake, mteja anataka chenji, na ukisema ukae kwenye kochi upumzike ndo kabisa, wanajua ulipo. Ukiwa unakimbia barabara ya Bombo kuelekea baharini hakuna wa kukuuliza chumvi iko wapi. Wanawake wanaokimbia ukiwauliza wanapendea nini wengi hawaanzi na kitambi, wanaanza na hilo, ile nusu saa ni yao peke yao. Kwa hiyo simu iache nyumbani, ukienda nayo umebeba ukoo mzima mfukoni.

Afu kuna mwili wenyewe. Ukiwa na mawazo mwili unamwaga homoni kama adrenalini na kotisoli, na kazi yake ni kukuandaa upigane au ukimbie, sasa mama mkwe huwezi kupigana naye wala kumkimbia, basi unabaki hivyo hivyo moyo unadunda, shingo imekaza, usingizi umekata. Ukikimbia kweli mwili unapata ile kazi uliyojiandaa nayo, ukimaliza unatulia. Na ubongo nao unapata vyake, zamani wataalamu walikuwa wanaitaja endofini tu, siku hizi wanataja na endokanabinoidi, hizo ni ndugu wa vile vilivyomo kwenye bangi, ila hizi halali kabisa, unajitengenezea mwenyewe bure.

Sasa alfajiri usiende, muda huo vitumbua vyako viko jikoni na hiyo ndo ada ya watoto. Nenda jioni saa kumi na moja jua likipoa, baba watoto aangalie sufuria. Anza kwa kutembea dakika tatu, kimbia moja, tembea tena, kwa mwendo ambao umbea unaendelea, ukishindwa kuongea punguza. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 za nguvu, na kutembea harakaharaka kunahesabika, kwa hiyo mbio zikigeuka kuwa kazi nyingine ya lazima achana nazo utembee. Kama una presha au kifua kinabana muone daktari kwanza. Na kama wiki mbili zimepita hakuna kinachokufurahisha, unalia hovyo, nenda hospitali mwanangu, hiyo usiiachie mbio peke yake.

SWALI: Shangazi, mke wangu kaanza kukimbia, majirani hapa Chumbageni wanasema mwanamke anayejiheshimu hakimbii barabarani. Nimkataze?

JIBU: Hao majirani wamechelewa. 1967 kule Boston msimamizi wa marathoni aliingia barabarani kumvuta Kathrine Switzer atoke, akamaliza mbio vilevile, 1972 wanawake wakaruhusiwa rasmi, na 2023 Magdalena Shauri wetu kawa wa tatu Berlin kwa saa 2:18:41. Na hao majirani wote walipita mchakamchaka shuleni, wasichana kwa wavulana, mbona hatukusikia neno? Siku za mbio chai ya watoto pika wewe.

SWALI: Nivae nini? Dera linafaa?

JIBU: Dera litakuangusha, linanasa miguuni. Vaa suruali ya traki na tisheti ndefu, hijabu iwe ya kitambaa chepesi cha jezi, maana joto la Tanga unalijua. Raba za mtumba sio mbaya, kagua soli isiwe imelika upande. Ila la kwanza kabisa sidiria ya michezo, ile ya kwanza ilitengenezwa Marekani 1977, wanawake walichukua vikinga viwili vya sehemu za siri vya wanamichezo wanaume wakavishona pamoja, usicheke, ilifanya kazi. Hiyo nunua mpya, ya mtumba lastiki imeshalegea.