Re: Upele wiki ya tatu, anameza dawa za TB na Septrin pamoja

Ndugu wa Arua, Uganda, ameuliza: kaka yake ana VVU na TB, alianzishiwa dawa za TB na Septrin (antibiotiki ya kuzuia maambukizi) siku moja, wiki ya tatu ametoka upele, akapewa Piriton na kuambiwa aendelee na zote. Aendelee?

Inategemea upele wenyewe. Vipele vya kuwasha tu, hana homa, mdomo mzima: Piriton na kumkagua kila siku inatosha. Ila mkague kweli: ndani ya mdomo, machoni na sehemu za siri, maana wengi huona haya kusema kwamba kukojoa kunawauma. Ukikuta vidonda huko, au homa, malengelenge, uso uliovimba, macho ya manjano, au ngozi inayouma kuliko inavyowasha, dawa zote zinasimama leo hii na anapelekwa hospitali ya rufaa. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Tafuta mabaka yaliyoiva weusi, usugue pembeni yake taratibu kwa kidole. Ngozi ikiteleza na kubanduka, mchukulie kuwa ni Stevens-Johnson, yaani mzio mkali wa dawa unaobandua ngozi, mpaka daktari aseme vingine.

Ukubwa hupimwa kwa kiganja cha mgonjwa mwenyewe: kiganja pamoja na vidole ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Iliyobanduka ikizidi asilimia 30, anatunzwa kama aliyeungua moto: maji, joto, macho kusafishwa mara kwa mara, vaselini na bandeji zisizogandia. Hapa kuna mtego. Ile krimu nyeupe ya majeraha ya moto, silva salfadiazini, nayo ni ya kundi la dawa za salfa, na Septrin ni salfa. Msikubali apakwe.

Kuitafuta dawa iliyoleta mzio, yaani mkosaji, andikeni tarehe ya kuanza kila dawa, hata za dukani. Stevens-Johnson kwa kawaida hutokea siku ya 4 hadi ya 28. Ule mzio wa homa, tezi na ini kuumia huja wiki ya 2 hadi ya 8. Dawa aliyomeza mwaka mzima bila shida haishukiwi sana. Septrin na dawa za TB zikianza siku moja, kalenda haisaidii kitu, ndiyo maana napenda ziachanishwe kwa siku kadhaa hali ikiruhusu.

Kazi kubwa ni kurudisha dawa. TB haiwezi kuachwa, kwa hiyo ngozi ikishapona na vipimo vya ini vikishatulia, dawa zake zinarudishwa wodini moja moja: rifampisini au isoniazidi kwanza, dozi ndogo, inapandishwa kwa siku 3 hivi kabla ya kuongeza nyingine. Kile kidonge cha nne-kwa-moja, chenye dawa nne za TB pamoja, hakifai hapa; ulizeni mapema kama famasi ina vidonge vya pekepeke, vinginevyo mtakwama. Pirazinamidi, mojawapo ya hizo nne, ikiwa ndiyo mkosaji, inaachwa na matibabu yanafika miezi 9.

Septrin hairudi. Kumzoesha mtu kwa dozi ndogo ndogo ni kwa upele mwepesi, si kwa aliyebanduka ngozi. Badala yake daktari anaweza kumpa dapsoni miligramu 100 kwa siku, akichunga damu isipungue. Fansidar wanayopewa wajawazito kuzuia malaria ni salfa pia. Mwanamke aliyepata mzio huu asiinywe.

Kama alikuwa kwenye ARV zikasimamishwa, hakikisheni amepimwa hepataitisi B, kwa sababu ARV za tenofovia na lamivudini huikandamiza, na zikikatwa ghafla ini linaweza kuwaka upya. Akirudi kwenye dolutegravia, ARV nyingine, huku anameza rifampisini, ni miligramu 50 asubuhi na 50 jioni.

Kwenye kadi ya kliniki liandikwe jina la dawa, kotrimoksazoli, pamoja na Septrin, maana duka jingine litamuuzia ileile kwa jina la Bactrim. Na muombe mhudumu apeleke ripoti NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda. Inapokelewa hata kama hamjajua ni dawa ipi.