Mawimbi yanayotii slaida kwenye Grasshopper

Kwenye Grasshopper, sehemu ya programu ya Rhino ambayo unachora kwa kuunganisha vijenzi kwa waya, kabla hujaunganisha waya hata mmoja, amua ni namba zipi zitakuwa na slaida, yaani kitelezi cha kubadilishia namba. Mimi huacha tatu tu: urefu wa mstari mzima, idadi ya mawimbi na kimo, yaani umbali kutoka mstari wa katikati hadi kileleni. Faili nyingi ninazoletewa nizirekebishe zina slaida lukuki zinazopingana: moja ya urefu wa wimbi, nyingine ya idadi, nyingine ya urefu wa mstari. Ukishajua mbili kati ya hizo, ya tatu haina hiari.

Idadi ya mawimbi iwe namba kamili, ili mstari uanzie na kuishia usawa mmoja. Fomula yenyewe ni fupi: y = kimo × sin(2π × idadi × t), ambapo y ni umbali wa nukta kutoka mstari wa katikati, na t inatoka 0 hadi 1 kupitia Range, kijenzi kinachogawa masafa kwa hatua sawa. Grasshopper inasoma radiani, si digrii. Range ikiwa na hatua 64 inatoa namba 65, hivyo ukifunga mawimbi yako kuwa duara, ondoa nukta ya mwisho. Imelalia juu ya ya kwanza.

Balaa kubwa liko kwenye idadi ya nukta. Gawa mstari vipande 50, kisha vuta slaida hadi mawimbi 25: kila nukta inaangukia pale ambapo fomula inatoa sifuri, na unabaki na mstari ulionyooka kama rula. Programu haitoi onyo lolote, kwa sababu kwake hakuna kosa. Basi slaida ya nukta ifute kabisa. Zidisha idadi ya mawimbi kwa 16, jibu liingie kwenye Range, na nukta zitaongezeka zenyewe kila mawimbi yanapoongezeka.

Kisha pitisha mstari kwa Interpolate, kijenzi kinachochora mstari unaopita juu ya nukta zenyewe, usitumie nukta za udhibiti. Mstari wa daraja la 3 unaodhibitiwa na nukta haupiti juu ya nukta hizo, unavutwa tu kuzielekea. Ukiweka nukta vileleni na mabondeni peke yake, kimo halisi kinashuka hadi theluthi ya ulichoandika. Kwa nukta 8 kwa wimbi bado unapoteza karibu asilimia 10. Kwenye kioo cha kompyuta huwezi kuona. Kwenye kipande kilichokatwa kwa mashine utaona.

Kama mstari wa msingi umepinda, zungusha tanjenti (mwelekeo wa mstari hapo) ya kila nukta digrii 90 ndipo usukume nukta kuelekea huko. Vekta, yaani mshale wa mwelekeo, inayofuata mpindo hugeuka ghafla upande wa pili pale mpindo unapobadilika, na wimbi linavurugika.

Graph Mapper, kijenzi cha kuchora umbo kwa kuburuta grafu? Nzuri kwa kuchezea maumbo. Kwa kazi ya kukatwa siipendi, maana umbo linategemea mkono ulipoburuta, na kesho hulipati tena.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni ukali wa kilele. Nusu kipenyo cha mpindo pale juu ni urefu wa wimbi kipeo cha pili, ukigawanya kwa 4π² mara kimo. Wimbi la milimita 200 lenye kimo cha 20 linatoa takriban milimita 51. Ukizidisha kimo mara mbili, inabaki kama 25. Ukifanya ofseti (mstari sambamba kwa umbali fulani) kuelekea ndani kupita hapo, mstari unajikata. Mimi huiweka hesabu hii kwenye paneli, kisanduku cha kuonyeshea namba, kando ya slaida, ibadilike ninapovuta.